Mkutano wa wazi na mkutano wa wenyewe: maana yake kwa anayetafuta kikundi cha kuacha pombe

Ukiipata ratiba ya mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe), pembeni ya siku na saa mara nyingi utakuta herufi moja: O au C. Herufi hiyo ndiyo inayokwambia kama kiti chako kipo.

O (open) ni mkutano wa wazi. Anaingia yeyote: mke anayetaka kuelewa kinachomsibu mumewe, mwanafunzi wa uuguzi, jirani. C (closed) ni mkutano wa wenyewe, yaani wa watu wenye shida ya pombe tu. Usidhani utaulizwa kadi ya uanachama au barua ya daktari. Sharti la AA ni moja, nia ya kuacha kunywa, na hakuna anayeipima nia yako mlangoni. Kwa hiyo hata kama bado unabishana na nafsi yako kwamba "mimi sijafika huko", ilimradi unataka kuacha, C ni yako. Atakayebaki nje ni dada yako aliyekusindikiza. Ndugu wana kikundi chao kinachoitwa Al-Anon, nao wasikidharau, maana kuishi na mnywaji nako kuna majeraha yake.

AA ilianza Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935. Bill W., dalali wa hisa aliyekuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwama hotelini baada ya dili lake kuharibika. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa yenye vicheko, upande mwingine simu. Akachagua simu, akaanza kupigia makanisa akiulizia mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na Dk. Bob, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika 15. Waliongea kwa saa kadhaa. Mkutano wa leo bado ni jambo lilelile: mnywaji anamsimulia mnywaji mwenzake, bila mhadhara na bila kushauriwa na asiyeyajua.

Hapo ndipo neno "mlevi" linapogeuka. Mtaani ni tusi. Watoto humzomea nalo mtu anayepepesuka njiani. Wataalamu wakatupa "mraibu wa pombe", neno safi la kwenye fomu. Lakini mkutanoni mtu husema mwenyewe, "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," na wenzake wanamsalimu kwa jina. Tusi likitoka kinywani mwa mwenyewe, mbele ya watu waliokwisha kulisema, hupungua makali. Hulazimiki kulisema siku ya kwanza.

Neno jingine la kutazama ni sponsa. Kwa Mkenya, sponsa ni mzee mwenye hela anayemtunza msichana. Kwa Mtanzania, mdhamini ni wa mkopo au wa kukutoa polisi. Mkutanoni ni mtu aliyekaa muda bila kunywa, ambaye utampigia saa tano usiku hamu inapokushika. Hakukopeshi wala hakutunzi.

Pa kuuliza? Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo, na unaweza kuulizia hapo ushauri na mahali pa kupata msaada. Hospitali kubwa zenye huduma ya afya ya akili, kama Mathari kule Nairobi, au Muhimbili na Mirembe upande wa Tanzania, ni mahali pengine pa kuulizia vikundi vilivyo karibu. Anayeishi mbali na mji, au ughaibuni, anaweza kuingia mikutano ya mtandaoni kwa simu yake. Ratiba hubadilika, kwa hiyo thibitisha kabla hujatoa nauli.

Mikutano mingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, na jambo hilo humtia Mwislamu wasiwasi. Ukumbi hukodiwa tu. Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu "jinsi tulivyomfahamu", na kila mtu anabaki na dini yake. Kikapu cha michango kinapita, lakini hakuna ada, na msaada wa pesa kutoka nje haupokewi hata ukiletwa. Katika nchi zetu ambako hata kisima kina kibao cha mfadhili, hilo ni ajabu ya namna yake.

Ukihofia kuonwa, nenda mtaa wa pili. Majina ya ukoo hayatajwi, na siri ya mtu hubaki chumbani. Yatakayovuja ni yale ya mtaani kwako, si ya mkutanoni.

Jambo moja halisubiri mkutano. Aliyekuwa akinywa sana kila siku, iwe chang'aa, gongo au bia, asiache ghafla peke yake chumbani. Kutetemeka, degedege na kuona vitu visivyokuwepo vinaweza kuanza saa chache au siku mbili tatu baada ya glasi ya mwisho, na vinaweza kuua. Huyo aanzie hospitali.

Wewe mwingine, fika dakika kumi kabla. Utakuta mtu anapanga viti. Mwambie ni mara yako ya kwanza na kwamba leo utasikiliza tu. Atakuonyesha pa kukaa.