Je, wajua kwa nini mkimbiaji nyota wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hufifia akibadilishiwa watu wa mbele?

Septemba 20, 2015, mjini Philadelphia, DeMarco Murray, mkimbiaji wa Philadelphia Eagles, alipewa mpira akimbie nao mara 13. Jumlisha umbali wote aliosogea: yadi 2, yaani hata mita mbili hazitimii. Msimu uliotangulia, huyuhuyu Murray aliongoza NFL nzima kwa kukimbia, yadi 1,845 akiwa na Dallas Cowboys. Na waliombana siku hiyo ni Cowboys haohao, timu aliyotoka miezi michache tu nyuma.

Alikuwa na miaka 27. Mtu hazeeki ghafla namna hiyo. Kilichobadilika sana ni wale watano wanaosimama mbele yake.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Mstari wa mbele wanakaa majitu matano, kila mmoja kilo 130 au 140 na ushee. Kwa kawaida hawapokei pasi, na majina yao husikika zaidi wanapokosea. Mpira ukipewa mkimbiaji, kazi yao ni kuwasukuma walinzi wa timu pinzani kando ili upenyo ufunguke, nao haukai wazi muda mrefu. Akiukuta wazi, anakutana na mlinzi wa kwanza akiwa tayari ameshika kasi. Akiukuta umezibwa, anakamatwa hata hajachanganya miguu.

Basi kwa nini kumbadilisha hata mmoja kunaumiza? Tazama wawili wa katikati. Wanamvaa pamoja mlinzi mmoja mzito, bega kwa bega, kisha mmoja anamwachia mwenzake mzigo huo na kusonga mbele kumzuia mlinzi wa mstari wa pili. Nani aachie, na lini? Hakuna nafasi ya kuulizana. Akiachia mapema, yule mzito anapenya kati yao; akichelewa, mlinzi wa pili ameshaziba njia. Waliozoeana misimu kadhaa huijua saa hiyo kwa kuhisi tu bega la jirani. Mgeni, hata awe na nguvu kumshinda aliyeondoka, bado anafikiria. Mkimbiaji naye huwatazama haohao kuamua apite wapi, kwa hiyo wao wakisita, naye anasita.

Dallas, Murray alikuwa nyuma ya Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, wote watatu wateule wa mechi ya nyota mwaka ule. Philadelphia ilikuwa imewaacha Todd Herremans na Evan Mathis, wakongwe wawili wa safu yake, kabla msimu haujaanza. Akamaliza na yadi 702, wastani wa yadi 3.6 kwa kila mbio, kutoka 4.7 za Dallas.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa aliyerithi nafasi yake. Darren McFadden alitoka Oakland baada ya misimu mitatu mfululizo chini ya wastani wa 3.5, wengi wakiona amekwisha. Dallas alipata yadi 1,089 kwa wastani wa 4.6, na hayo katika msimu ambao mrushaji wao mkuu, Tony Romo, alicheza mechi nne tu.

Tusiwape watano wale sifa zote, lakini. Murray alikuwa amebeba mpira mara 392 mwaka 2014, mzigo wa kuuchosha mwili wowote. Pia mfumo wa kocha wa Eagles, Chip Kelly, ulimtaka aupokee akiwa amesimama kando ya mrushaji na kuanza kwa kwenda ubavuni, ilhali Dallas alizoea kuupokea akiwa tayari mbioni. Mwaka 2016, Tennessee, alirudi na yadi 1,287.

Na si kila badiliko ni hasara. Mkimbiaji Saquon Barkley alikuwa na wastani wa 3.9 akiwa New York Giants mwaka 2023. Alipohamia Eagles 2024 alifika 5.8 na yadi 2,005. Ajabu ni kwamba Eagles ndipo walipompoteza Jason Kelce, mtu wa kati, aliyestaafu. Ila mrithi wake, Cam Jurgens, hakuokotwa nje: msimu uliotangulia alikuwa amecheza hapohapo ubavuni mwa Kelce. Mwaka 2025 majeraha yalipoiandama safu hiyo, Lane Johnson akiwemo, wastani wa Barkley ulishuka hadi kama yadi 4.