Mickey Mousing: muziki unaofuata nyayo za panya

Ukimsikia mtunzi wa muziki wa filamu akilalamika kwamba wimbo wake umegeuzwa "Mickey Mousing", ujue hamzungumzii panya. Anazungumzia muziki unaoiga kila kitendo kinachoonekana kwenye skrini. Mhusika akinyata, nyuzi za fidla zinadonolewa moja moja. Akipanda ngazi, noti zinapanda naye. Akiteleza, filimbi inashuka pamoja naye mpaka chini, na akitua ngoma inalia.

Sisi kitu hicho tunacho ndani ya lugha yenyewe: tanakali za sauti. Mtu kwetu haanguki hivi hivi. Huanguka majini chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Kineno kimoja kinakupa uzito wa aliyeanguka na kile alichoangukia. Mickey Mousing ni tanakali zinazopigwa na okestra.

Jina limetoka kwa Mickey Mouse, panya wa katuni za Walt Disney, na katuni iliyoonyesha ufundi huu kwa nguvu ni Steamboat Willie, filamu isiyofika dakika nane, iliyozinduliwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Mickey ni kibarua kwenye meli ya mtoni. Anajifanya nahodha, anapiga mluzi na kuzungusha usukani, mpaka Pete, nahodha mwenyewe, anapokuja kumtimua. Minnie naye anaachwa na meli, inabidi anyanyuliwe kwa winchi. Halafu mbuzi anakula karatasi zake za muziki. Minnie anaushika mkia wa mbuzi na kuuzungusha kama mkono wa gramafoni, na wimbo "Turkey in the Straw" unatoka mdomoni mwa mnyama. Hapo Mickey anageuza kila kilicho karibu kuwa ala: masufuria, paka, watoto wa nguruwe, na mwisho meno ya ng'ombe, anayoyagonga kama marimba. Malipo yake ni kufungiwa jikoni amenye viazi.

Hayo meno yatazame vizuri. Kila jino lina sauti yake, na sauti inatoka pale pale kigongo kinapoligusa. Ikichelewa hata robo ya sekunde, unaona michoro upande mmoja na bendi upande mwingine. Ikiwahi sawasawa, unaamini kwamba ng'ombe ni marimba. Leo tumezoea, lakini watu wa 1928 walikuwa wametoka kwenye filamu bubu, ambazo mpiga piano alikaa ukumbini akipiga kwa kukisia.

Siri yake ni hesabu. Filamu ya sauti hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Wilfred Jackson, kijana wa studio ya Disney ambaye mama yake alifundisha piano, ndiye aliyeleta metronomi, chombo kinachogonga mapigo ya muziki kwa kasi isiyobadilika. Mkikubaliana kwamba pigo moja lichukue fremu 12, mnapata mapigo mawili kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika. Basi mchoraji anajua mguu wa Mickey utue fremu ya 12, ya 24, ya 36, hata kama bendi bado haijakutana. Muziki na mwendo vinapangwa pamoja kwenye karatasi kabla kazi ya kuchora haijaanza.

Kurekodi ndiko kulikowatesa. Mara ya kwanza okestra ilishindwa kwenda sawa na picha, fedha zikapotea. Walt Disney akauza gari lake ili kulipia awamu ya pili. Safari hii waliweka kwenye filamu alama ya mpira unaorukaruka, kiongozi wa okestra akaufuata kwa macho, na kazi ikakamilika.

Kwa nini basi jina limekuwa lawama? Kwa sababu watunzi waliipeleka mbinu hii kwenye filamu za waigizaji. Katika King Kong ya 1933, muziki wa mtunzi Max Steiner unahesabu hatua za chifu wa kisiwa anaposhuka ngazi. Wapinzani husema muziki kama huo unarudia tu kile ambacho jicho limeshakiona. Kwenye tamthilia nzito nakubaliana nao: mwigizaji ana mwili, uzito wake unaonekana bila kusaidiwa. Panya wa wino hana uzito wowote. Uzito anapewa na ile pu, na kumnyima ni kumwacha akielea. Ndiyo maana sioni haki kuitumia lawama hii kwa katuni.

Mbinu inaweza pia kugeuzwa, mchoro ukaufuata muziki. The Cat Concerto, katuni ya paka Tom na panya Jerry iliyopata Oscar, imejengwa juu ya kipande cha piano cha mtunzi Franz Liszt, rapsodia yake ya pili ya Kihungaria, iliyotungwa karibu miaka mia kabla ya katuni hiyo. Tom, amevaa suti ya tamasha, anaanza kupiga piano. Jerry amelala ndani ya piano hiyo hiyo, juu ya nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Noti zinapoanza, nyundo zinamrusha juu na chini, na kila anaporushwa kuna noti yake ambayo Liszt alikuwa ameshaiandika.