"Dude" la Wamarekani lina kazi mbili

Ninatafsiri manukuu ya filamu za Kimarekani kwa Kiswahili, na "dude" ni neno ninalokutana nalo karibu kila siku. Hutamkwa "duud", wala halina undugu na dude letu, lile kitu lisilojulikana jina. Tatizo ni kwamba watafsiri wengi huandika "jamaa" kila linapotokea, kumbe lina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kumtaja mtu asiyekuwepo. Mmarekani akisema "some dude" amekuulizia, anakusudia mwanamume fulani asiyemfahamu. Hapo "jamaa" linatosha kabisa. Na akisema ameona "two dudes", elewa ni wanaume wawili.

Kazi ya pili ni kumwita unayezungumza naye, na hapa ndipo utamu ulipo. Jinsia hulegea: wasichana nao huitana hivyo, na kijana anaweza kumwita hivyo rafiki yake wa kike. Scott Kiesling, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliandika kuhusu neno hili katika jarida la American Speech mwaka 2004. Alieleza kwamba vijana wa kiume hulitumia kujenga ukaribu wenye mpaka: tuko pamoja, ila hakuna mahaba hapa. Ndiyo maana ni nadra mwanamume kumwita mpenzi wake hivyo. Sijasoma maelezo mengine yanayoligusa neno hili kwa usahihi kiasi hicho.

Tena linaweza kusimama peke yake likawa kauli nzima. Likivutwa kwa sauti ya kushuka, ni pole au lawama. Likikatwa ghafla, ni onyo. Likipandishwa, ni furaha au mshangao. Kabla ya kulitafsiri, msikilize mwigizaji.

Lilikotoka ni mbali na vijiwe vya leo. Mwaka 1883 lilivuma New York kama kejeli kwa vijana watanashati waliojali mno mavazi yao. Magharibi mwa Marekani likawa jina la mtu wa mjini asiyejua maisha ya ranchi, na mpaka leo ranchi zinazopokea watalii huitwa "dude ranch". Katika miaka ya 1930 na 1940, vijana Weusi na wenye asili ya Meksiko waliopenda suti pana walianza kuitana hivyo wao kwa wao. Baadaye likawa la wateleza mawimbini kwa ubao wa California, na filamu zikalisambaza.

Usimwite hivyo bosi wako, askari, wala mzee uliyetambulishwa kwake leo. Hata kwa Wamarekani, ambao heshima yao si ya shikamoo, ataona umemvunjia adabu.

Kwenye manukuu, kijana wa kiume akimwita mwenzake, kwa mtazamaji wa Dar es Salaam naandika "mwanangu". Kwa wa Nairobi, hasa pakiwa na mshangao, "manze" linakaa vizuri zaidi. Wasichana wakiitana, "shoga" lina ukaribu ule, ingawa lina joto kuliko "dude", kwa hiyo nalitumia pale tu urafiki wao unapoonekana wazi. Na mara nyingi sana naliacha kabisa. Nafasi kwenye skrini ni finyu, na sauti ya mwigizaji imeshasema.