Je, wajua kwa nini maprodyuza huikwaruza besi makusudi?

Panda kifodi (daladala ndogo) cha Sakina, Arusha, jioni, kile chenye sabufa chini ya siti ya nyuma. Besi ikipiga, kioo cha dirisha kinatetemeka. Shuka, ufungue wimbo uleule kwenye simu. Spika yake haizidi ukucha wa dole gumba, lakini besi bado unaisikia. Imetoka wapi?

Noti nzito ya besi hutikisa hewa kama mara 50 kwa sekunde. Spika ya simu haina ubavu wa kuitoa. Kwa hiyo prodyuza anachukua besi safi, ambayo wimbi lake ni kilima laini, analisukuma mpaka kilele kikatike; huko ndiko kuikwaruza. Wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingine za juu: mara 100, 150, 200, 250, 300 na kuendelea. Za juu hizo simu inaziweza. Ubongo ukizisikia zimepishana kwa 50 kila hatua, unajijazia wenyewe ile 50 ambayo haipo.

Usishangae, umeshaishi na jambo hili. Simu za mezani zilipitisha mitikisiko ya kuanzia 300 hadi 3,400 tu, na sauti ya mwanaume huanzia karibu na 100. Hata hivyo, nani aliwahi kumpigia baba yake aliyeko Moshi akamsikia anaongea kama mtoto?

Ndiyo maana kiki ya Roland TR-808, mashine ya midundo ya mwaka 1980 (kiki ni pigo la ngoma nzito, si zile za mitandaoni), hukwaruzwa sana. Mlio wake ukivutwa unakaribia kuwa wimbi tupu, lisilo na sauti za juu: kwenye sabufa mtamu, kwenye simu unayeyuka.

Kwa ngoma kuna sababu nyingine. Pigo huanza na ncha kali ya muda mfupi mno, na ncha hiyo ndiyo inayogonga dari ya kipimo (kikomo ambacho sauti ya rekodi haiwezi kukivuka) na kuuzuia wimbo mzima usipandishwe sauti. Ikinyolewa kidogo, sikio halina habari. Ikinyolewa zaidi, pigo linakuwa kavu, kama mtu anayegonga geti la bati. Mimi huo ukavu naupenda, ila wapo wanaozidisha mpaka wimbo unachosha kabla ya kiitikio cha pili.

Wajanja huiacha besi safi chini kama ilivyo, wanakwaruza nakala yake, wanaikata uzito, kisha wanazichanganya. Kifodi kinapata mtetemo wake, simu nayo inapata mkwaruzo.