"Sheria za mipangomiji zilegezwe, nyumba zitajaa": nani alikwambia?

Kauli hiyo naisikia kila mara kwa wateja ofisini kwangu, kwenye kazi za mipangomiji, na siku hizi imepata nguvu mpya kwa kuwa watu wanafuatilia habari za Uingereza. "Wenzetu wanalegeza masharti wajenge nyumba milioni moja na nusu, nyie mnatubana na mita za kuacha mpakani." Nimeijibu mpaka mate yamenikauka. Acha niiandike, anayekuja nimpe asome kwanza.

Tuanze na hao Waingereza. Kwao, tangu sheria ya mwaka 1947, ukijenga nyumba bila kibali unaweza kuamriwa uibomoe, na amri hiyo si ya kutishia mtoto. Kwa hiyo kibali kikikwama, nyumba haijengwi. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2024 ilipolenga nyumba milioni moja na nusu, kuanzia kwenye vibali kulikuwa na mantiki. Sisi sheria ile tuliirithi: ya Tanganyika ya mwaka 1956 ilifuata mfano huohuo, tukakaa nayo mpaka ilipokuja Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Tulirithi maandishi. Kuyafuata ni habari nyingine.

Angalia Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Wanalala wapi? Hawalali stendi. Wako Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, Kinyerezi na kwingineko, wengi wao kwenye nyumba zisizojua kibali cha ujenzi kinafananaje. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba asilimia 70 hadi 80 ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mtu alinunua ishirini kwa ishirini kwa mwenye shamba, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, dalali akachukua chake, fundi akachimba msingi. Niambie hapo sheria ipi ilimzuia, nami niilegeze.

Kilichokosekana ni kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, kwa bei ya mtu wa kawaida. Kukipata kiwanja hicho kuna fidia kwa mwenye shamba, kuna mchoro, kuna upimaji na bikoni (vigingi vya mpaka), kuna greda la kuchonga barabara. Hizo ni fedha, na lazima mtu azitangulize. Halafu njoo kwenye kujenga kwenyewe: riba ya mkopo wa nyumba imezunguka kwenye asilimia 15 hadi 19 kwa miaka mingi, ndiyo maana karibu kila mtu anajenga tofali kwa tofali, bonasi ikitoka anapandisha kozi mbili. Futa kanuni zote za mipangomiji leo usiku, kesho asubuhi saruji itauzwa bei ileile.

Ila sitaki mniweke kundi la watetezi wa kila kanuni. Kuna sharti moja ambalo ningelikata kwa furaha, na la ajabu ni kwamba wateja hawaliombi kamwe: ukubwa wa chini wa kiwanja. Chukua hekta moja, mita za mraba 10,000. Ukitoa barabara na maeneo ya wazi, tuseme imebaki 6,000. Ukiikata viwanja vya mita 1,000, unapata sita. Ukiikata vya mita 300, unapata ishirini, na ile fidia, lile greda na lile bomba vinagawanywa kwa ishirini badala ya sita. Hapo ndipo bei inaposhuka. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanya kazi kubwa Kibada, Bunju, Mbweni, Buyuni na kwingine, lakini vingi vilikuwa vikubwa, vikanunuliwa na wenye nafasi, na miaka kadhaa baadaye bado ungekuta bikoni imezungukwa na majani huku mwenyewe akisubiri bei ipande.

Mteja akinijibu kwamba viwanja vidogo vitazaa uswahilini, namwambia aende Sinza. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, kwenye mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Haikujengewa watu nyumba. Walipewa viwanja vidogo, njia zilizonyooka na huduma za msingi, wakajenga wenyewe. Leo kuna ghorofa, maduka, hoteli, na kelele za baa ambazo mimi binafsi nisingezivumilia, lakini gari linafika mlangoni. Manzese ilifikiwa na mpango huohuo, ila kwa kuboreshwa wakati watu wameshajenga. Pita sehemu zote mbili siku moja ujionee tofauti ya kuanza na njia na kuitafuta njia baadaye.

Na hapa ndipo ninapokasirika, maana kile wateja wanachotaka kilegezwe ni hizo njia. "Mita sita za barabara za nini, mimi sina gari." Sawa, huna. Lakini choo kinajaa. Gari la majitaka likifika mwisho wa lami, bomba lake halifiki kwako, unawaita vijana wachimbe shimo jipya usiku, wafukie la zamani, nawe unaomba mvua ichelewe. Moto ukiwaka, zimamoto wanasimama palepale liliposimama gari la majitaka. Kwenye mikutano ya urasimishaji, yaani kupima mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, kupima kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia mtu arudishe ukuta mita moja na nusu: wote walikubali njia ipite, kila mmoja akaonyesha kidole uwanja wa jirani.

Madai mengine ya wateja niyapitie haraka.

Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mwenyekiti anakujua na ameshuhudia mauziano. Si kibali cha ujenzi, na haujawahi kuwa.

Hati nayo inakupa ardhi kwa matumizi yaliyoandikwa. Kama imeandikwa makazi, usilete ramani ya ukumbi wa harusi halafu ukashangaa.

"Bondeni pamekauka, sheria ya mita 60 imepitwa na wakati." Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 haikuiweka mita 60 kutoka mtoni kwa kubahatisha. Waliokumbwa na mafuriko Jangwani Desemba 2011 wanajua, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Bonde la Msimbazi limelipiwa fidia ili watu watoke. Kiangazi si ushahidi.

Kuhusu ghorofa, mnaogopa kitu kisicho chenyewe. Ghorofa nne zenye maji na njia hazimdhuru mtu. Linaloua ni jengo lililoongezewa ghorofa bila msingi kuhesabiwa upya na bila mtu kukagua. Machi 29, 2013 jengo lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Baada ya hapo bado kuna wanaoniomba "tuongezee moja tu, juu pale".

Ushauri wangu ni uleule, na hauhitaji Bunge. Kama mmenunua shamba moja watu kumi, msianze msingi. Kaeni, mwiteni mtaalamu wa mipangomiji mmoja na mpimaji mmoja, kila mtu akate sehemu yake ya njia kabla hajamwaga zege, bikoni zisimikwe mkiwa wote mmesimama pale. Gharama mgawane. Mkiniita baada ya kuta kupanda, bei yangu inabadilika.