Je, Wajua kwa Nini Siku ya Kutazama Ndege wa Pwani Hupangwa kwa Maji Badala ya Jua?

Aliyezoea kutazama ndege msituni anajua kanuni moja: damka kabla ya alfajiri, maana jua likishapanda ndege hunyamaza. Sasa mpeleke mtu huyo pwani, kwenye tope na mabwawa ya maji ya chumvi, msimu ambao majani hupukutika kaskazini na ndege wanahamia kusini. Kiongozi anamwambia wakutane saa nne na nusu asubuhi. Saa nne na nusu! Mgeni anadhani kaangukia kiongozi mvivu. Kumbe mwenzake kaangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, na jedwali hilo ndilo lililopanga siku.

Sababu iko tumboni mwa ndege. Maji yakipwa, tope hubaki wazi, pengine kwa kilomita kadhaa, na tope hilo ni ghala la chakula: minyoo, kome wadogo, konokono, kaa. Vitwitwi, sululu na jamaa zao hutawanyika humo kula, wengi wakiandama ukingo wa maji, mbali kiasi kwamba hata kwa darubini nzuri unaona vidoti tu vinavyotetemeka kwenye joto. Maji yakianza kujaa, ghala linafungwa. Ndege wanasukumwa kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, yaani kuelekea kwako. Kiongozi anayeijua kazi yake hufika kama saa mbili kabla ya maji kujaa, akaketi, akaiacha bahari imletee ndege.

Jua halina neno kubwa hapa. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, na ndege hawa hula kila ghala linapofunguka, hata usiku wa manane. Wengi hawahitaji kuona chakula chao. Nchani mwa mdomo wana vihisio vinavyofanya kazi ya vidole. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 1998 kwamba Calidris canutus, kitwitwi mnene wa ukubwa wa kati, akichoma mchanga wenye maji hutambua kome aliyezikwa bila hata kumgusa: mdomo unasukuma maji yaliyo kati ya chembe za mchanga, kome anayazuia, na ndege anahisi tofauti ya msukumo. Kisha humeza kome mzimamzima na kumsaga kwenye firigisi, kombe na vyote.

Ndiyo maana kiongozi anaweza kutaja jamii ya ndege aliye mbali kabla hujaona rangi yake. Anatazama mwendo. Mwenye macho makubwa na mdomo mfupi anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa. Huyo huwinda kwa kuona. Anayetembea kichwa chini akichomachoma kama cherehani huwinda kwa kugusa. Sululu, na mdomo wake uliopinda kama mundu, anatia karibu mdomo wote topeni na kuvuta kitu ambacho mwenye mdomo mfupi hatakifikia maisha yake yote.

Lakini si kila maji kujaa yanafaa. Wavuvi wana maneno mawili ambayo mtazamaji ndege hana budi kuyajua: bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati jua, mwezi na dunia vimejipanga mstari mmoja, bahari ikajaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku za nusu mwezi, bahari inapopanda na kushuka kwa unyonge. Siku za maji mafu sehemu ya tope haifunikwi hata maji yakijaa, na ndege hana haja ya kusogea. Unaweza kukaa mchana kutwa ukitazama vidoti vilevile. Siku za bamvua tope lote huzama, na makundi yote huinuka kutafuta pa kutua.

Tena kalenda yenyewe inasaidia. Maji makubwa zaidi ya bamvua kwa kawaida huangukia karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, Machi na Septemba. Na Septemba ndipo ndege wa kaskazini wako safarini kwa wingi. Mashariki mwa Uingereza, kwenye ghuba ya The Wash, kuna hifadhi ya Snettisham ambako watu husafiri kuifuata saa hiyo moja tu. Makumi ya maelfu ya ndege huinuka kutoka kwenye tope linalozama, wakazunguka angani kama moshi unaobadili umbo, kisha wakamiminika kwenye mabwawa yaliyo nyuma ya ufuko, mashimo yaliyochimbwa zamani kwa ajili ya kokoto. Huko utadamka gizani kweli, ila bado si kwa ajili ya jua. Kwa kuwa bamvua inafungamana na jua na mwezi kuwa mstari mmoja, mahali pamoja hufikia kilele chake karibu saa zilezile kila mara, na kwa Snettisham ni asubuhi mapema na jioni.

Hili huwaponyoka wengi. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo safari iliyofana Jumamosi hii, ukiirudia Jumamosi ijayo saa ileile, utakuta bahari imekimbia upeo wa macho.

Maji yakishajaa, ndege hawana la kufanya. Husimama mguu mmoja, mdomo wameuficha manyoyani, wameelekea upepo unakotoka. Hii ndiyo saa ya somo. Kiongozi anahesabu ndege kumi kwa makini, anatazama wanachukua nafasi gani, kisha anapima kundi zima kwa kipande hicho. Baadaye anaanza kutenganisha wazee na vijana, na hapa ndipo mimi ningekaa hata maji yakipwa.

Kwani safari ya kusini haianzi majani yanapopukutika. Ndege waliokomaa wa baadhi ya jamii wako njiani tangu Julai. Kwa Calidris ferruginea, kitwitwi anayezaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, madume hutangulia, majike hufuata, na vijana wa mwaka huo huja mwisho kabisa. Aliyekomaa utamjua kwa manyoya yaliyochakaa, mabaka ya wekundu wa msimu wa mapenzi yakiwa bado yamesalia kifuani. Kijana ni msafi kama nguo mpya: kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe, mithili ya magamba ya samaki. Na kijana huyo amefika bila mama, bila baba, bila kuwahi kuiona njia. Mwelekeo amezaliwa nao.

Umbali wenyewe unaweza kukutoa jasho. Oktoba 2022 kijana wa Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, akiwa na umri wa miezi mitano hivi, aliondoka Alaska akiwa na kifaa cha setilaiti, akatua Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, baada ya siku 11. Alikuwa amekwenda kilomita 13,560 bila kutua hata mara moja. Ndege huyu si wa kuogelea, hawezi kupumzika baharini. Kabla ya safari za namna hiyo hujaza mafuta mwilini, na viungo kama utumbo na firigisi husinyaa ili kupunguza mzigo.

Ukijua hivyo, utaelewa ukali wa kiongozi mtu anaposimama ghafla au kusogea apate picha. Kundi likirushwa, kila ndege anaunguza mafuta aliyoyatafuta kwenye tope usiku kucha. Dalili huja mapema: vichwa vinainuka, midomo inatoka manyoyani, wachache wanaanza kutembea. Hapo kikundi kinarudi nyuma polepole. Kozi akipita, bila shaka wataruka tu, na hakuna wa kumlaumu kozi.

Palipo na bahari isiyojaa wala kupwa kwa kiasi cha kuonekana, kama sehemu kubwa ya Mediteranea, jedwali halina kazi. Kiongozi wa huko huhesabu upepo na mahali jua litakapokuwa, ili liwe mgongoni mwake.

Maji yanapoanza kupwa, wa kwanza kushuka ni wenye miguu mirefu, kisha kundi zima linamwagika kwenye tope lenye unyevu. Wageni wengi hufunga darubini hapo. Wasiofanya haraka hubaki hadi jioni, hasa upepo ukiwa unavuma kuelekea kusini. Kundi dogo linaanza kupiga kelele pasipo na hatari yoyote, linaruka, linajipanga mstari, na badala ya kurudi chini linazidi kupanda mpaka sauti zao zinapotea.