Kwa nini nawapa watahiniwa wangu karatasi za mtihani wa India

Kila tangazo la nafasi za Hakimu Mkazi Daraja la II linapotoka, simu yangu haitulii wiki nzima. Wanaopiga ni mawakili vijana na wahitimu wa shule ya sheria kwa vitendo, na swali lao halibadiliki: "Shikamoo mwalimu, nisome nini?" Jibu langu huwafanya wanyamaze kidogo. Nawaambia watafute mtandaoni karatasi za mtihani wa kuajiri majaji wa madai wa India, waruke maswali ya kuchagua, waende moja kwa moja kwenye swali la kuandika hukumu.

Simaanishi wakariri sheria za Wahindi. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ilitungwa mwaka 1966, na kabla yake Tanganyika ilikuwa ikitumia ile ya India ya mwaka 1908. Walioandika yetu waliiga mpangilio wa ile ya zamani. Amri, yaani sehemu ya sheria yenye kanuni zake, zina namba zilezile: Amri ya VII kule ni hati ya madai, kwetu ni hati ya madai. Amri ya XIV ni viini, yaani mambo yanayobishaniwa ambayo mahakama itayaamua, Amri ya XX ni hukumu. Hata kanuni ya 11 ya Amri ya VII, inayompa hakimu mamlaka ya kuikataa hati isiyoonyesha sababu ya kudai, inabeba namba ileile Jabalpur kule India na Dodoma kwetu. Kwa mtu anayetafuta mazoezi, hiyo ni hazina, maana karatasi za usaili wa kwetu sijaziona zikiwekwa hadharani, na za kule zimejaa.

Huyo wanayemwita jaji wa madai wa daraja la chini yuko kwenye ngazi ya kwanza kabisa ya ujaji, karibu na alipo hakimu wetu. Anapita milango mitatu: mchujo wa maswali ya kuchagua, mtihani wa kuandika, kisha mahojiano. Kila jimbo lina utaratibu wake. Delhi mtihani wa kuandika una alama 850 na mahojiano 150, kwa hiyo mwenye maneno matamu na kalamu mbovu hafiki mbali. Madhya Pradesh wametenga karatasi nzima ya kuandika hukumu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya India ilirudisha sharti kwamba mwombaji awe amefanya kazi ya uwakili miaka mitatu, sharti lililokuwa limeondolewa mwaka 2002. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mimi nipo upande wa mahakama. Ukisahihisha hukumu ya mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya shahidi anayebabaika, utaelewa.

Tahadhari ni moja: mapacha hawa hawafanani mpaka unyayo. Katazo la kufungua upya suala lililokwisha kuamuliwa liko kifungu cha 11 kule, kwetu kifungu cha 9 kwa toleo la 2019. Mdaiwa wa India ana siku 30 za kuleta utetezi, zinazoweza kusogezwa hadi 90; wetu ana 21. Ukomo wa muda wa kufungua shauri ndio unaoua wengi: dai la mkataba kule ni miaka mitatu, kwetu ni sita. Mtu akikopa, akavunja mkataba, mdai akaja mahakamani baada ya miaka minne, hakimu wa India analitupa shauri na wa kwetu analisikiliza. Halafu toleo jipya la sheria zetu, la 2023, limebadilisha namba za baadhi ya vifungu, kwa hiyo vitini vya kaka zenu waliofanya usaili miaka ya nyuma visomwe kwa shaka.

Sasa zoezi lenyewe. Hili nililitunga kwa mtindo wa karatasi za kule, nikampa binti mmoja aliyefaulu vizuri sana chuoni. Mdai anasema alimkopesha mdaiwa shilingi 8,000,000. Mdaiwa, kwenye utetezi wake wa maandishi, anakubali kuzipokea, ila anasema alirudisha 5,000,000, na zilizobaki alisamehewa kwenye kikao cha ukoo. Ushahidi: taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha alituma fedha mara mbili, jumla 3,500,000, na hakuna aliyeipinga. Nyingine anasema alitoa taslimu, hakuna aliyeona. Shangazi yake anatoa ushahidi kwamba kwenye kikao mdai alisema, "Haya, mambo yameisha."

Binti akaniletea kurasa tisa. Kiini chake cha kwanza: je, kulikuwa na mkataba wa mkopo kati ya wadaawa, yaani mdai na mdaiwa? Chini yake ukurasa mmoja na nusu juu ya kifungu cha 10 cha Sheria ya Mkataba, ridhaa huru, malipo halali, kila kitu. Kimeandikwa kwa ufasaha na hakihitajiki hata kidogo. Kiini huzaliwa pale upande mmoja unaposema jambo na mwingine ukalikana. Mdaiwa hakukana mkopo. Ugomvi uko kwenye malipo na kwenye msamaha, basi viini ni hivyo viwili, na cha tatu ni nafuu wanazostahili wadaawa.

Ukishaviweka hivyo, mzigo wa kuthibitisha unahama wenyewe. Mdai hana tena cha kuthibitisha kuhusu zile milioni nane. Anayesema "nimelipa" ndiye alete risiti. Anayesema "nimesamehewa" ndiye amlete aliyesikia. Binti alikuwa amembebesha mdai vyote, akamalizia kwa kumnyima kila kitu kwa sababu "hakuthibitisha kuwa hakulipwa". Nikamuuliza, wewe unathibitishaje kwamba mtu hakukulipa? Akacheka, akachukua karatasi zake.

Pale kwa shangazi ndipo ninapokaa muda mrefu darasani. "Mambo yameisha" ni nini? Kwenye kikao cha ukoo neno hilo huweza kumaanisha tuache kununiana, au nimechoka na nyinyi, nitakwenda mahakamani. Sheria ya mkataba inamruhusu mwenye deni lake kulisamehe, lakini hakimu lazima aseme kwa nini maneno haya, siku hiyo, yalikuwa au hayakuwa msamaha. Sentensi nne zinatosha, ila ziwepo. Amri ya XX kanuni ya 4 inataka vitu vinne: maelezo mafupi ya shauri, mambo ya kuamuliwa, uamuzi, na sababu za uamuzi. Wengi wanatoa vitatu vya mwanzo na kusahau sababu, au wanazibandika kesi za Mahakama ya Rufani mahali pa sababu.

Nawashauri waandike kwa mkono, saa ikiwa mezani, na kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 hiyo ndiyo lugha ya mahakama, na aliyezoea kufikiri kwa Kiingereza cha chuoni hugundua ghafla kwamba hajui kuandika "kwenye mizania ya uwezekano", yaani kupima ushahidi wa upande upi una uzito zaidi, bila kusitasita.

Binti alirudi mara ya tatu na kurasa tatu na nusu. Malipo ya 3,500,000 yamethibitika, zile za taslimu hazikuthibitika, msamaha umekataliwa kwa sababu zinazoeleweka, mdaiwa alipe 4,500,000 na gharama za shauri. Nilizungushia wino mwekundu sehemu moja tu, pale chini: alikuwa amesahau kuandika kwamba wadaawa wameelezwa haki yao ya rufaa.